Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kriketi: ule mpira uliopigwa msasa

Kwenu viongozi wa Baraza la Kimataifa la Kriketi mlioko Dubai, na ninyi wa hapa nyumbani mnaosimamia ligi zetu za Dar es Salaam.

Wakubwa zangu shikamooni. Walio rika langu, poleni na majukumu.

Mimi si mchezaji, si kocha, si mwandishi wa habari. Ni mwandika alama. Msimu ukianza, Jumamosi na Jumapili hunikosi kwenye meza iliyo chini ya mwarobaini, kando ya uwanja, na daftari refu, kalamu za rangi tatu na karanga za kutafuna. Kila mpira unaorushwa nauandika. Wapita njia wengine hudhani nakusanya michango ya harusi.

Nawaandikia kwa sababu ya safu moja katika daftari hilo, ile ya mikimbio ya adhabu, yaani alama ambazo timu hupewa wapinzani wake wakivunja sheria. Lakini naomba nianzie mbali kidogo, kwenye msasa.

Kwa Kiswahili, kupigwa msasa ni jambo jema. Walimu hupigwa msasa mtaala ukibadilika, waamuzi hupigwa msasa kabla ya ligi, makarani wa uchaguzi hali kadhalika. Ndiyo maana Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2018, nilipowaambia jamaa zangu mgahawani kwamba Waaustralia wameupiga mpira msasa, mmoja alinijibu: "Sasa kosa liko wapi?"

Tulikuwa Upanga, chai ya maziwa na katlesi mezani, runinga ikionyesha mechi ya siku tano kati ya Afrika Kusini na Australia kutoka Newlands, Cape Town. Kamera zikamnasa Cameron Bancroft wa Australia akitoa kitu cha njano mfukoni, akakishika karibu na mpira, kisha alipoona waamuzi wanamfuata akakisokomeza ndani ya suruali, mbele. Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Jioni yeye na nahodha wake, Steve Smith, wakawaambia waandishi kwamba ilikuwa tepu iliyonasa mchanga wa uwanjani. Mimi nilitikisa kichwa tu. Baba yangu alikuwa fundi seremala Keko, nimekulia kwenye vumbi la mninga, na namna yule kijana alivyokibana kile kitu kwa kidole gumba niliifahamu. Siku chache baadaye chama chao wenyewe kikatamka: ulikuwa msasa.

Niliifahamu kwa sababu nilishafanya. Jamani, sikuzaliwa mwandika alama.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha tatu, narusha mipira ya kasi kwenye timu ya shule. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: mpira wa kriketi ni wa ngozi ngumu, una mshono unaouzunguka katikati, na timu inayorusha huchagua upande mmoja iung'arishe kwa jasho na kitambaa cha suruali, mwingine iuache uchakae. Mpira ukiwa bado mpya, ukirushwa mshono umesimama sawasawa, hupinda hewani kuelekea upande uliochakaa. Ukizeeka, na mrushaji akiwa na kasi ya kutosha, mambo hugeuka, unapinda kuelekea upande unaong'aa, tena ukikaribia kabisa miguu ya mpigaji. Sarfraz Nawaz na Imran Khan wa Pakistan, kisha Wasim Akram na Waqar Younis, ndio walioifanya mbinu hiyo ya kupinda kinyume kuwa silaha. Mwaka 1992 magazeti ya Uingereza yaliita wizi. Mwaka 2005 Waingereza walipoifahamu na kuwafunga Australia, yakaita sanaa. Huo ndio ushabiki. Sitaki kuwachosha nao, mnaujua.

Mimi sikuwa na kasi ya Waqar. Nilikuwa na baba seremala. Nikakata kipande cha msasa namba 80, ukubwa wa stempu, nikakibandika kiganjani kwa plasta. Ova mbili tatu (ova ni mipira sita) nikausugua mpira kila ulipofika mkononi mwangu. Ukapinda kweli, au labda nilijipa moyo tu, lakini niliangusha wiketi mbili, yaani wapigaji wawili walitoka.

Mwamuzi wetu alikuwa mzee wa Kigoa tuliyemwita Masta, mtu ambaye shati lake jeupe lilinyooka pasi hata siku ambazo mtaa mzima hauna umeme. Hakufoka. Aliuomba mpira, akauzungusha mbele ya miwani, akaninyooshea mkono. "Mwanangu, nisalimie." Nikampa mkono. Akaugeuza kiganja juu, akaiona plasta.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Aliwaita manahodha wote wawili, akawaita na walioketi pembeni wasogee, akasema kwa sauti ya kumfikia hata muuza barafu: mpira huu umekwaruzwa upande huu, tazameni, aliyeukwaruza ni huyu, kwa msasa huu, sheria inasema mpira unabadilishwa na timu inayopiga inapewa mikimbio mitano, tunaendelea. Na mimi nikatumwa mezani nikamsaidie mwandika alama mpaka msimu uishe. Msimu uliisha, mimi sikuondoka mezani.

Wenzetu wa ile shule nyingine waliniita Seremala kwa miaka miwili. Yalikuwa ya haki. Lakini hakuna mzazi aliyegombana na mzazi, hakuna aliyesema Masta kanunuliwa, kwa sababu hapakuwa na pengo la kujaza. Kila mtu aliyekuwa uwanjani alijua nini kimefanyika, nani kafanya, na adhabu imetoka wapi.

Sasa tazameni ya kwenu.

Pale Cape Town waamuzi waliukagua mpira, hawakuona umeharibika, mchezo ukaendelea na mpira uleule bila mikimbio mitano. Baadaye baraza likamfungia Smith mechi moja na kumtoza posho yote ya mchezo, Bancroft akakatwa asilimia 75. Kisha chama cha Australia kikaja na ya kwake: Smith na makamu wake David Warner mwaka mzima nje, Bancroft miezi tisa. Kocha Darren Lehmann akajiuzulu. Kosa ni moja. Uwanjani lilikuwa sifuri, kwenu lilikuwa mechi moja, kwao likawa mwaka. Binafsi naona mwaka uliwafaa, hasa nahodha aliyejua akanyamaza. Ila mwaka ule ulitoka kwenye aibu ya taifa, haukutoka kwenye kitabu cha sheria, na mshabiki si mjinga, aliliona hilo. Naikubali hatua mliyochukua baadaye mwaka huohuo, ya kupandisha kiwango hadi mechi sita za siku tano. Kiwango ni jambo moja tu.

Mnakumbuka The Oval, London, Agosti 2006, Uingereza na Pakistan? Kule ilikuwa kinyume chake. Waamuzi Darrell Hair na Billy Doctrove waliwapa Uingereza mikimbio mitano, wakabadilisha mpira, bila picha hata moja ya Mpakistani akiuchezea. Baada ya mapumziko ya chai Pakistan wakagoma kutoka. Walipokuja kutoka, wakaambiwa mechi imekwisha, wamepoteza. Haikuwahi kutokea katika historia ya mechi za siku tano. Mwezi uliofuata kamati yenu ikamwona nahodha Inzamam-ul-Haq hana hatia ya kuharibu mpira, ila ikamfungia mechi nne kwa kugoma. Mwaka 2008 mkayageuza matokeo kuwa sare. Mwaka 2009 mkayarudisha, Uingereza ikawa imeshinda tena. Mimi mwandika alama nikifuta daftari mara mbili hivyo, watanifukuza pale mezani, na watakuwa na haki.

Na ya 2001, Port Elizabeth, India na Afrika Kusini, ndiyo inayonikera kuliko zote. Sachin Tendulkar alisafisha mshono wa mpira bila kumwambia mwamuzi. Hilo ni kosa, dogo, la utaratibu; hata udongo ukinasa unautoa mwamuzi akikuona. Lakini habari iliyowafikia Wahindi ni kwamba Tendulkar, mtu wanayemwabudu, ameitwa mdanganyifu. Msimamizi wa mechi aliyemwadhibu, Mike Denness, akaletwa mbele ya waandishi na akakaa kimya, kwa kuwa taratibu zenu hazikumruhusu kujibu. Mtu mzima, kiti, kipaza sauti, na hana ruhusa ya kutaja sababu. India wakachoma sanamu barabarani. Mechi iliyofuata, Centurion, ilichezwa na msimamizi mwingine kwa shinikizo la vyama vya nchi hizo mbili, nanyi mkaivua hadhi yake ya mechi rasmi ya siku tano. Yote hayo yangeweza kuzimwa kwa sentensi mbili zilizotamkwa jioni ileile.

Mashabiki tuna makosa yetu, siwezi kututetea. Kabla ya Cape Town, kule Port Elizabeth, kuna waliovaa vinyago kumkejeli mke wa Warner, na maofisa wawili wa chama cha Afrika Kusini wakapiga nao picha. Chama kikalazimika kuomba radhi. Mwaka uliofuata pale Edgbaston, Waingereza walikuja uwanjani na karatasi za msasa, wakizipunga kama leso za harusini. Warner alipozomewa ukingoni mwa uwanja akageuza mifuko ya suruali nje: tazameni, mitupu. Hiyo mimi niliipenda. Smith akazomewa kila alipopita, akajibu kwa mikimbio 144 na 142, Australia ikashinda. Huo ni ushabiki wenye chumvi lakini unalika. Na wiki chache kabla ya hapo, kwenye Kombe la Dunia, Wahindi walipomzomea Smith, nahodha wao Virat Kohli aliwageukia mashabiki wake mwenyewe, akawaashiria waache, wampigie makofi. Mkampa tuzo kwa hilo. Mlifanya vyema.

Lakini ilipofika Septemba 2025, Dubai, mlangoni kwenu kabisa, India na Pakistan walikutana mara tatu kwenye Kombe la Asia na wachezaji wa India hawakuwapa wenzao mkono. Fainali ilipokwisha, mabingwa hawakupokea kombe kwa sababu ya mtu aliyekuwa analitoa: rais wa Baraza la Kriketi la Asia, ambaye ni mwenyekiti wa bodi ya Pakistan na papo hapo waziri wa mambo ya ndani wa nchi hiyo. Mwenyekiti wenu wa Dubai naye ametoka kwenye bodi ya India. Simtuhumu yeyote kwa lolote. Nasema tu kwamba mtu mwenye kofia mbili au tatu, hata akinena ukweli mtupu, asikilizaye atauliza ni kofia ipi inayosema.

Mnadhani ya Dubai yanaishia Dubai? Pale mgahawani kwetu wapo wazee wawili, majirani, mmoja India damu, mwingine Pakistan damu. Wote wamezaliwa Muhimbili, wote wanaongea Kiswahili cha Kariakoo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Mumbai wala Karachi. Miaka yote anayefungwa ndiye hulipa chai, ndiyo ada yao. Tarehe 14 Septemba, baada ya ile mikono kukataliwa, kila mmoja alilipa chai yake. Wakaondoka kwa milango tofauti. Sikupata kuona kitu kama kile. Leicester, kule Uingereza, mwaka 2022 walifika mbali zaidi, vijana wakaingia mitaani baada ya mechi ya timu hizohizo.

Sisi watu wa Dar si wageni wa mambo haya. Tumezaliwa tukakuta Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, na tukakuta neno la kuelezea uhusiano wao: utani wa jadi. Mtani anakutukana mchana kweupe, anakuja msibani kwako na kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na ndiye huyohuyo atakayeingia kaburini kukupokea. Kwa hiyo ukimwona Msimbazi anamwita Mwanajangwani majina, usikimbilie polisi. Lakini hata utani wetu huota meno pale wenye maamuzi wanapofumba midomo. Tarehe 8 Machi 2025, siku ya mechi yenyewe, tuliambiwa imeahirishwa, baada ya Simba kuzuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku uliotangulia. Watu walishatoka mikoani. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni. Miezi mitatu na nusu kila kijiwe kilikuwa na sababu yake, na nyingi zilikuwa za kutunga.

Nimefika kwenye safu yangu.

Si zamani sana, kwenye mechi moja ya ligi hapa jijini (sitataja timu wala uwanja, wahusika wanajijua), waamuzi walisimama katikati, wakauzungusha mpira, wakanong'onezana, wakautupa kwenye sanduku na kuchukua mwingine. Mmoja akanigeukia, akanipa ishara ya mikimbio mitano ya adhabu. Nikaandika tano. Nikasubiri sababu, kwa sababu daftari lina nafasi ya maelezo. Haikuja. Nikawafuata wakati wa chai. "Tutaandika ripoti," wakaniambia. Nahodha wa timu inayorusha akasema hakuambiwa mchezaji gani. Nahodha wa pili akasema anamjua, akamtaja, na aliyetajwa alikuwa mvulana wa miaka kumi na saba. Kufika jioni magrupu ya WhatsApp yalikuwa yameshamhukumu, na siku ya pili ikaongezwa kabila la mwamuzi, dini ya nahodha na duka la baba yake fulani.

Ripoti ile sijaiona mpaka leo. Yule mvulana hakuitwa, hakufungiwa, hakusafishwa. Aliacha kuja mazoezini. Siku ile, kabla hajaondoka, alisimama mbele ya meza yangu akaangalia daftari. "Anko, hizi tano ni za nini?" Nikamwambia sijui. Na mimi ndiye niliyeziandika.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wa Dubai si kubwa. Waamuzi wakitoa mikimbio mitano, sababu itamkwe uwanjani siku hiyohiyo, kwa kipaza sauti na kwa maandishi: mpira umeharibiwa wapi, kwa kitu gani, nani kaonekana, au kama hajaonekana, semeni hajaonekana. Picha zikiwepo zitoke. Msimamizi wa mechi aruhusiwe kujibu maswali matatu. Mpira wenyewe upigwe picha pande zote mbili na picha iwekwe hadharani, ili aliye Karachi, Melbourne na Upanga waone kitu kimoja. Atakayeendelea kubisha baada ya hapo ni mbishi wa asili, na hao hawana dawa.

Nanyi wa hapa nyumbani, msisubiri Dubai. Sheria ya 41 ya mchezo huu, ile ya mchezo usio wa haki, ipo, lakini nani kati ya vijana wetu ameisoma kwa Kiswahili? Nendeni kwenye mazoezi yoyote jioni, iwe viwanja vya Upanga au chuo kikuu, mtaona watoto wanatemea mate mpira. Mate yalizuiwa kwa muda mwaka 2020 kwa ajili ya korona, na tangu 2022 yamezuiwa moja kwa moja. Hawajui. Wengine wanatafuna pipi makusudi ili mate yawe na sukari, kwa kuwa walimwona Faf du Plessis wa Afrika Kusini na peremende yake kule Hobart mwaka 2016. Kwamba alitozwa posho yote ya mechi, hiyo hawakuiona. Mmoja aliniuliza kama mafuta ya mgando yanaruhusiwa midomo ikikauka. Mdomoni ruksa, mwanangu. Vidole ndivyo shida.

Wala msifikiri wanafanya ujambazi. Mtaani wanacheza na mpira wa tenisi uliozungushiwa tepu, na tepu ile huibandika upande mmoja nene ili mpira upinde. Pale ni ufundi, wote wamekubaliana. Anayetoka kwenye mchezo ambao kuufanyia mpira ujanja ni halali, akaingizwa kwenye mchezo ambao ni haramu bila kuelezwa mpaka uko wapi, mnategemea ajuaje? Karatasi moja ya Kiswahili, ikibandikwa kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo, ingetosha: jasho sawa, nguo sawa, udongo utolewe mwamuzi akiona, mate, pipi, mafuta, kucha, zipu na msasa hapana. Nipo tayari kuiandika bure. Na waamuzi wapewe sanduku la mipira iliyochakaa kwa viwango tofauti, maana siku ile walibadilisha mpira wa ova thelathini kwa mpira mpya kabisa, na hiyo nayo ikawa adhabu juu ya adhabu kwa mpigaji ambaye ndiye aliyedaiwa kudhulumiwa.

Vijana wetu walifuzu mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, kwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 19, mashindano yaliyopangwa Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Huko kamera zinahesabu hata pumzi. Sitaki siku moja nikae mgahawani nimwone mtoto wa Temeke anafanya kwa kutojua kile ambacho Bancroft alifanya kwa kujua, na mezani kwetu wanacheka.

Yule mvulana wa miaka kumi na saba anaishi mtaa wa tatu kutoka kwangu. Nilimwona juzi akirusha mpira wa tepu ukutani, peke yake, ukipinda vizuri tu. Daftari la mechi ile ninalo nyumbani, sijalikabidhi. Ukurasa wa 46, safu ya adhabu: tano. Nafasi ya maelezo mbele yake nimeiacha wazi, na kalamu ninayo.

Wenu,
Mwandika alama, Upanga, Dar es Salaam